Koti la Pasaka

Mama hana haraka kwenye mitumba. Belo likifunguliwa, wanawake wenzake hulivamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Yeye hungoja pembeni, kitenge amekikaza kiunoni, mpaka vumbi litulie. Kisha huinua nguo mojamoja. Hunusa kwapa, huvuta mshono kwa kucha, huingiza mkono ndani ya bitana. Kazi yangu ni kubeba zilizofaulu, na huwa chache. Wauzaji wa soko letu hapa Mufulira, mji wa migodi, humwita Mkaguzi, wengine kwa heshima, wengine kwa hasira.

Jumamosi ile alikuwa akinusa sketi ya shule ya kumnunulia mdogo wangu, mara akaiachia. Hakuikunja. Alikatiza katikati ya watu hadi kwenye makoti ya wanaume, kwa Bana Lombe, yaani mama yake Lombe kwa lugha yetu, nami nikamfuata mikono mitupu.

Niliona kama mlango umefunguliwa. Baba alikuwa amelala tangu mvua zilipoanza, kifua kimemkausha, na tangu alipoanza kukataa uji hakuna aliyetaja tena kanisa nyumbani kwetu. Sasa mama anamtafutia koti! Nilimuuliza kama ni la Pasaka. Alisema ndiyo, la Pasaka, macho yake kwenye rundo.

Basi nikachimba. Nilipata la kijivu, la sufu nzito, halijatoka hata uzi. Lilikuwa kubwa kidogo, lakini nilijiambia kwamba akianza kula atalijaza. Tayari nilimwona ameketi kwenye benchi lake la mbele, akikohoa kidogo tu, kama watu wengine.

Mama alilipapasa la kijivu, akasema ni zuri, akanirudishia. Mkononi mwake alikuwa na jeusi. Kola yake ilisimama vizuri, vifungo vilitimia, kifua kilikuwa kimenyooka kana kwamba limetoka kwa fundi jana.

"Bana Kasuba, hilo ukimvalisha mzee, wajane wa kwaya watang'oana nywele," Bana Lombe alimtania.

Mama alitabasamu kwa adabu. Mimi nililigeuza. Nondo walikuwa wameula mgongo wote. Vidole vyangu vilipenya vikatokea upande wa pili. Nilimwonyesha mama kwa sauti ya chini, nisimwaibishe mwenye mali. Akasema ameshauona.

Bana Lombe alimtazama mama, akatazama koti, na utani ukamkauka mdomoni. Alipunguza bei bila kuombwa, kisha akatupa kisogo, akaanza kukunja suruali ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Mimi sikunyamaza. Nilisema baba atachekwa siku atakapopiga magoti kanisani. Nilisema hata mimi, niliyefundishwa na yeye, nisingelichukua hilo la kufutia sakafu. Nikalisukuma la kijivu kifuani pake na kumwomba, tafadhali, amnunulie baba kitu kizima. Akalipa la jeusi.

Tulitoka hadi nyuma ya vibanda, penye majaba ya maji. La kijivu lilikuwa bado mikononi mwangu, halijalipiwa, na nilikuwa ninalia. Mama alitazama huku na huku. Kwetu mtu anayepumua hanunuliwi nguo ya kaburini. Ni kuyaita mauti kwa jina, na ukoo wa baba ungemlaumu mpaka uzeeni. Alililaza koti jeusi mkononi, mbele ikitazama juu, akapangusa kola kwa kidole gumba.

"Atalala chali, Kasuba," alisema. "Watakaopita kumuaga wataona mbele tu. Yeye mwenyewe aliniomba, asizikwe na ovaroli ya mgodini. Hilo zima lirudishe. Livaliwe na mtu aliye hai."