Mguu Mzima Kwanza

...na maji yasiwe ya moto sana, daktari wa mifugo alisema, yawe ya moto ule ambao kiwiko chako kingeuvumilia, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto, basi akachovya kiwiko, sawa, akakamua kitambaa na kukilaza juu ya nyonga ya Mzee, na Mzee akashusha pumzi ndefu, maskini mbwa huyu, alikuwepo kwenye nyumba hii kabla yeye hajaolewa, alimbwekea siku aliyokuja na sanduku lake, na leo hata kuinuka kwenye gunia lake hapa jikoni ni kazi, wala halii, akiumia hulamba midomo tu na kugeukia ukuta, ukiona hivyo ujue hapo ndipo, daktari alisema, mbwa hakuambii, mkono wako ndio utakaokuambia, shika mguu mzima kwanza, ulijue joto lake, ndipo ushike ule mbovu, na hakusema atapona, alisema tutampunguzia maumivu, tutampunguzia... na tangu siku ile nyumba ina kitu, hajui akiite nini, kama mtu aliyejibanza nyuma ya pazia, na mapazia ndiyo kazi yake, yamemzunguka, la mteja bado limeng'ang'ania kwenye cherehani, mshono nusu, hana mkono wa kulimaliza, kuna kitu kinakuja, alimwambia mumewe, mumewe akasema kinachokuja ni uzee wa mbwa, lala mke wangu...

"We mama Bosi! Huyo mbwa anakandwa kuliko mimi!" mama mkwe, kutoka sebuleni, "yeye nyonga moja, mimi magoti yote mawili!"

"Zamu yako inakuja, mama," akajibu, akacheka, kisha akalegeza mkono, maana Mzee amekaza misuli, pole, pole baba, nimebonyeza sana, jasiri wangu wewe, tazama usivyolia, na huko sebuleni mama mkwe keshaanza tena, "haya, mbwa wa pili huyo anaondoka! Nenda kwa mwenzio, nenda!", ni Bosi huyo, mwanawe, anachechemea, na yeye, mama yake, naye akacheka kwa mazoea, kwani tangu Bosi aanze kumuiga Mzee nyumba nzima hucheka, baba yake amemwita msanii, yeye mwenyewe alimrekodi kwa simu akamtumia dada yake, dada akarudisha vikaragosi vya kucheka mpaka machozi, na asubuhi Mzee akishushwa ngazi za nyuma, taulo limepitishwa chini ya tumbo, maana asubuhi viungo vyake vimekaza kama bawaba zenye kutu, hadi atembee kidogo ndipo vilegee, Bosi naye hulilia taulo, na mimi, mama, na mimi nibebe, wivu huo, akasema bibi yake, mtoto wa pekee humwonea wivu hata mbwa, na wote wakakubali kuwa ni wivu, mchana si anakimbia, mwenye ugonjwa angekimbia...

asubuhi. Asubuhi tu, kama sasa. Mchana anakimbia.

Mkono wake ukasimama juu ya nyonga ya mbwa. Bosi yuko kwenye korido, mlango wa jikoni uko nusu wazi, anamwona, mtoto hamwoni, na bibi hawezi kumwona kutoka kwenye kiti chake, hakuna wa kumchekea pale, na bado anachechemea, kiganja ukutani, polepole, bila mzaha usoni, na Mzee hajanyanyuka tangu alipowekwa hapa, basi anamuiga nani, na Mzee huchechemea mguu wa kushoto, wa kushoto, uko hapa chini ya kitambaa, na mtoto anauburuta wa kulia, ulikuwa wa kulia siku zote, hata kwenye ile video, ee Mungu, na ile homa, lile koo lililomfanya akatae uji, likaondoka lenyewe wakashukuru, na kumwogesha anamwogesha bibi, macho ya bibi yenyewe hayaoni vizuri, na baridi hii, suruali ndefu kutwa nzima... hapana, watoto huiga, usijitie wazimu, huiga tu...

"Bosi. Njoo nikukande na wewe."

"Kama Mzee?"

"Kama Mzee."

Bosi akakaa sakafuni mgongo wake ukiegemea wa mbwa, akanyoosha miguu yote miwili, na mama yake akaipandisha suruali, tulia, mguu mzima kwanza, akalifunika goti la kushoto kwa kiganja, dogo, limepoa kidogo kwa sakafu ya sebuleni, goti la mtoto, akakaa nalo, akataka kukaa nalo hapo hapo, kwenye hili zima, asisogee tena...

"Mbona kimya huko? Maji yangu msiyamalize!"

Akauhamisha mkono. Goti la kulia lilikuwa limevimba, mfupa wake haukuonekana, na joto likampanda kiganjani kabla hajaligusa vizuri.

"Panauma, mwanangu?"

"Mzee halii," akasema Bosi, akalamba midomo, akageukia ukuta.

Juu ya nyonga ya mbwa, kitambaa kilikuwa bado hakijapoa.