Filimbi na Ngoma Chini ya Boneti

Mzee alilileta gari gereji asubuhi, liangaliwe kwa mara ya mwisho. Mafundi wawili walikwisha kumwambia injini imekufa, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa aje kulichukua alasiri. Kwa umri wa mzee, likienda hili hatanunua jingine.

"Linapiga kelele," alimwambia fundi.

"Kelele gani, mzee? Hebu niigizie."

"Niigize? Mimi?" Alikuwa hakimu mpaka alipostaafu, hakuja pale kufanya vioja.

Mkewe, aliyekaa kiti cha abiria, hakuwa na aibu hiyo. Akatoa kichwa dirishani: "Wiiii-wi-wi-wiiii!"

Gereji nzima ikavunjika mbavu.

"Uzushi mtupu!" mzee akafoka. "Mwaka mzima ananipigia filimbi hiyo. Gari halilii hivyo."

"Basi lilize wewe, baba watoto. Au koo limeota kutu?"

Mzee akaangalia kushoto na kulia. "Du-du," akanong'ona. "Nikiachia klachi."

"Kwa sauti, mzee!"

"DU-DU!"

Fundi hakucheka. "Mafundi wa kwanza walimsikiliza nani?"

"Mimi, bila shaka."

"Na mama hawakumuuliza. Hapa kuna magonjwa mawili, mzee. Hebu washa."

Akafungua boneti, akaonyesha kwa bisibisi. "Du-du ni raba hii inayoshikilia injini; imekatika. Filimbi ni mkanda huu, umelegea. Sikia unavyolia!"

Mafundi waliokuwa karibu walikunja nyuso kwa ukali wa mlio ule. Mzee akatega sikio. Alisikia injini ikinguruma, akasikia nyundo ya jirani. Filimbi hakuisikia.

Akazima gari, akabaki ameshika usukani. Mwaka mzima alikuwa amemhukumu mkewe bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Mkewe alimtazama, akaelewa. Akamgusa goti. "Filimbi niachie mimi," akasema polepole. "Wewe shika ngoma yako."

"Vyote viwili vinatengenezeka leo leo," fundi akasema. "Nianze kazi, au mnaliuza?"

Mzee akatoa simu, akampigia mnunuzi. "Usijisumbue kuja, bwana. Gari ni zima."

Kisha akamgeukia mkewe. "Hebu rudia," akasema. "Linaliaje?"

Mkewe akasogea hadi sikioni pake, akamlizia.