Viatu Chini ya Meza

Sisimizi alikuwa na miaka sita, na watu aliwajua kwa viatu. Bibi yake alivaa ndala zilizolika visigino. Askari wa kike aliyeandika maelezo alivaa buti zenye mafundo mawili mawili. Baba, dereva wa lori, alivaa viatu vya ngozi, na asubuhi ile, kabla ya kuja kituo cha polisi, alikuwa amevipaka rangi mara tatu.

Baba ndiye aliyemfundisha la kusema nyumbani, huku amemsokota sikio. Sasa akamuuliza mbele ya askari.

"Haya mwanangu, mama alipatwa na nini?"

"Mama aliteleza."

"Aliteleza wapi?"

"Mama aliteleza."

Baba akacheka. "Mtoto hana uongo, afande. Andika, nimchukue twende nyumbani."

Mama alikuwa amelazwa, taya limefungwa waya, hana kauli. Iliyobaki ni ya Sisimizi peke yake. Akishikilia kwamba mama aliteleza, anarudi kwa baba leo leo.

"Afande," Bibi akasema, "mmemkalisha kiti cha watu wazima, basi anasema ya watu wazima. Siku ile alikuwa chini ya meza ambayo mama yake huitumia kupigia watu nguo pasi. Mrudisheni alipokuwa."

"Mama mkwe, hapa ni polisi. Kama unataka kucheza kujificha, nenda uwanjani."

"Mungu anamsikia mdudu chini ya jiwe, baba. Sisi tushindwe na huyu?"

Askari akasogeza kiti. Sisimizi akaingia chini ya meza, na dunia ikawa miguu tena. Maneno yakaja yenyewe.

"Viatu vya baba viliingia mbio. Miguu ya mama ikarudi nyuma, ikarudi, ukuta ukaikataa. Paa! Paa! Kama mtu anakung'uta zulia. Mama akasema, 'Mtoto yupo.' Viatu havikusikia. Halafu miguu ya mama ikatoka chini, ikaning'inia. Nikajua baba anambeba. Kidole kimoja tu kiligusa, kikawa kinachorachora sakafu. Kisha mama akashuka mwili mzima kwa mara moja. Akaniangalia, mdomo hauko mahali pake. Jino likaviringika mpaka kwangu. Viatu vikampiga tumboni, vikampiga, sikuhesabu, nilikuwa naficha jino. Pasi ikaanguka ikauma kiatu. Cha kushoto. Baba akalia kuliko mama."

Askari akaweka kalamu chini.

"Bwana, hebu leta mguu wa kushoto."

Mguu haukuja. Ulikuja mkono. Uliingia chini ya meza, ukakamata nywele za Sisimizi na kumvuta, kichwa kikagonga mguu wa meza, ngo! Damu ikamwingia jichoni. Alipofumbua lile jingine, buti ilikuwa imekanyaga kifundo cha ule mkono, na vidole vinafunguka kimoja kimoja.

"Njia ya mwongo fupi," Bibi akasema. Akapiga magoti, akalowesha upindo wa gauni kwa mate, akasugua ngozi ya kiatu. Rangi ikatoka. Chini yake kulikuwa na kovu jeusi lenye ncha, sura ya pasi kabisa.

Viatu vya ngozi vikatoka mlangoni katikati ya buti nne za askari wawili, vikiburuzwa.

Bibi akamtoa mjukuu wake, akamfuta damu, midomo yake ikiomba bila sauti. Sisimizi akapekua pindo la gauni lake, akatoa kitu kidogo cheupe.

"Bibi, twende tukampe mama. Labda litaingia tena."