Anaweza Kusubiri

Nilipokabidhiwa jina la Mzee Ukku Banda alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha chai, na valvu ya moyo wake ilikuwa imebana kiasi kwamba kuoga tu kulimlazimu akae chini apumue. Kazi yangu ya unesi ni kuwatembelea wazee wa milimani wanaosubiri upasuaji wa moyo, niwatie nguvu, ili siku ya kisu ikifika mwili usiwaangushe.

"Sista, unakuja kunifundisha kutembea?" alinicheka siku ya kwanza. "Mimi nimeanza kutembea mama yako hajazaliwa."

"Basi umesahau," mkewe, Dingiri Menike, akadakia. "Jana kisimani tu hukufika."

Tukaanza. Hatua kumi, pumzika. Kumi na tano, pumzika. Tambuu aliyozoea kutafuna aliitupa, akanuna wiki nzima. Chumvi ilipopunguzwa kwenye mchuzi alisema bora angepewa maji ya kuoshea vyombo. Lakini mwezi wa tano wa mazoezi alipanda ngazi zote arobaini kutoka nyumbani kwake hadi barabarani, akasimama kule juu akinipungia mkono, jasho linamtiririka, anacheka. Nikaandika kwenye kadi yake kwa furaha: ngazi arobaini, amepumzika mara moja tu.

Kadi niliipeleka hospitali mwenyewe. Daktari anayepanga orodha akaisoma.

"Huyu yuko vizuri. Anaweza kusubiri."

"Daktari, valvu ni ileile. Iliyopata nguvu ni miguu."

"Sista, nina watu hawawezi hata kugeuka kitandani. Unataka nimtoe nani?"

Mzee akasogezwa nyuma miezi minne.

Nilimweleza bila kumficha. Akasema, "Kumbe nimefaulu mtihani, ndiyo maana nimerudishwa darasa." Alicheka peke yake.

"Ungemwacha alale na miguu yake iliyovimba," Dingiri Menike aliniambia. "Wangekuwa wameshamwita."

"Menike, usimseme mtoto wa watu."

Mazoezi hakuyaacha. Nadhani alikuwa akinionea huruma.

Wiki ya tisa ya kusubiri huko, asubuhi, alianguka kwenye ngazi zilezile akitoka kununua mkate. Majirani walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Kwenye sadaka ya siku ya saba ya msiba, watawa wa hekaluni walipomaliza kula, nilibaki nimekaa nyuma na nguo zangu nyeupe za msiba. Dingiri Menike aliniletea chai yeye mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu. Alikuwa akiisubiri sana siku yako ya kuja."

Hakunitazama usoni. Afadhali angenitukana mbele za watu.

Mgonjwa wangu aliyefuata alikuwa mjane mmoja, Kusumalatha. Alipanda ngazi ishirini bila kusimama, akanigeukia akitaka sifa. Nilimsifu. Kwenye kadi nikaandika: ngazi nane, kwa shida.

Alipasuliwa baada ya wiki sita, na sasa anakwenda hekaluni kwa miguu yake. Binti yake aliniletea kapu la matunda, akanishika miguu kwa shukrani. Nikalipokea. Kuna mtu alisogezwa nyuma ili Kusumalatha apite, na jina la mtu huyo limo kwenye orodha ile. Sijawahi kuuliza ni nani.