Sauti ya Baba Kwenye Spika

Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kufia.

Wuguo aliviona kabla hajamwona mama mwenyewe, maana alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma ya jukwaa, kilemba kizito cha bibi harusi wa maigizo kikimyumbisha kichwa, na macho yalikuwa chini asije akajikwaa. Viatu vya kitambaa, vyeusi, vyenye mshono mwekundu pembeni. Mama alivishona mwenyewe miaka saba iliyopita, akaviweka sandukuni vingoje siku atakayokufa na kuchomwa moto. Sasa viko miguuni, barabarani, mchana kweupe, na mwenyewe kabeba kifurushi cha mikate michungu kama mtu anayekwenda safari.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kwani wewe husikii?" Mama hata hakusimama. "Baba yako anaeleza njia. Ameshapita mto wa pili. Nikizubaa nitampoteza."

Wuguo alisikia, atakosaje kusikia? Bonde zima lilikuwa linasikia. Spika nane kubwa, nne kila upande wa jukwaa, zilikuwa zinatoa sauti ya baba yake, bimo Gezuo, kuhani wa mila zao, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa anasoma maneno ya kumsindikiza marehemu: ukitoka hapa shika bonde, ukifika kwenye mto usinywe maji meusi, kunywa meupe, panda, pumzika, panda tena, mpaka kule walikoanzia mababu. Maneno hayo husomwa mtu akiwa amelazwa, moto unangoja. Hayasomwi saa nne asubuhi kwa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakitafuna mbegu za alizeti.

Akamshika mama mkono, naye akavuta. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, siku nne hajala kitu, akavuta kwa nguvu kama ng'ombe dume! Ikabidi Shizuo, jirani yao anayeuza viazi vya kuchoma getini, aje kusaidia, wakambeba mama juujuu mpaka kwenye kibanda chake cha mikate. Mara sauti ikakatika, ngoma zikaingia, wacheza ngoma wakapiga kelele za furaha. Mama akakaa kitako kama aliyekatwa kamba.

"Amekatiza tena," alisema kwa unyonge. "Kila siku ananiacha njiani. Saa kumi ataanza upya."

"Shizuo, mshike huyu," Wuguo alisema. "Usimwachie hata akienda haja."

"Na wewe?"

"Mimi nina mtu wa kumrarua. Siku zote hizi nimevumilia, leo basi."

Mtu huyo aliitwa Lazha, mkurugenzi wa onyesho la sikukuu, na ubaya ni kwamba hakuwa mgeni. Angekuwa mtu wa mjini aliyekuja na miwani yake na tabasamu lake, ungesema hajui. Lakini Lazha ni mtoto wa baba mdogo! Baba zao walinyonya ziwa moja. Wuguo alimbeba mgongoni huyo, akamfuta kamasi kwa pindo la sketi yake mwenyewe. Leo ana kofia ya jua na redio ya mkononi, na anaita watu kwa kidole.

Alimkuta hemani, yeye na Tiha, fundi wa mitambo ya sauti, wanakula tambi.

"Lazha! Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Dada, umetoka jukwaani katikati ya—"

"Nimekuuliza umeitoa wapi!"

Lazha akaweka bakuli chini. "Nilirekodi kwa simu. Kwenye msiba wa baba."

Wuguo alidhani hakusikia vizuri. Msiba wa baba. Baba yake Lazha mwenyewe, Muga, miaka mitatu iliyopita. Siku ile Gezuo alimsomea mdogo wake njia tangu jioni mpaka alfajiri, sauti ikakauka, na huyu mtoto wa marehemu kumbe mkono uko ndani ya joho la sufu, ameshika simu. Kufa kufaana, tumesikia. Lakini kufaana huku? Mtu anampandisha baba yake jukwaani mara mbili kwa siku!

"Huna haya wewe," alisema. "Yaani huna hata chembe."

"Dada, nisikilize kwanza. Onyesho hili ni la kwetu. La mila zetu. Unataka niweke nini, watu wa mjini wanaoigiza kulia? Sauti ya baba mkubwa ni ya kweli. Watalii wanasisimka. Kuna bibi mmoja jana alilia, na haelewi hata neno!"

"Mama yako mkubwa anaelewa. Amevaa viatu."

"Viatu gani?"

"Unavijua."

Lazha alivijua. Uso ukambadilika kidogo, halafu akajikaza. "Hapana. Hapo nilikuwa mwangalifu, wallahi. Mimi si mjinga. Nilimwambia Tiha alikate jina. Eti, Tiha? Kila palipotajwa jina la baba, tumelitoa. Hakuna marehemu anayetajwa mle. Ni maneno matupu tu sasa, hayana madhara."

Tiha aliinamia bakuli lake.

Wuguo alikuwa binti wa bimo. Mwanamke hafundishwi vitabu vya kazi hiyo, lakini yeye alilala miaka kumi na minane upande wa pili wa ukuta wa mbao, baba akisoma, na masikio hayana mlango.

"Umekata jina," alisema polepole. "Mbwa wewe, umekata jina! Jina ndilo linalosema nani anakwenda na nani anabaki. Ukifungua njia usimtaje msafiri, msafiri ni nani? Si kila anayesikia? Na mwishoni? Pale baba anapowaita walio hai warudi nyumbani, mmoja mmoja, pako wapi?"

"Pale... ni parefu, dada. Dakika arobaini. Onyesho lote ni saa moja na nusu."

"Kwa hiyo umewapeleka watu nusu ya njia, ukawaacha huko, ukapiga ngoma."

"Usiyakuze mambo. Mama mkubwa ni mzee, ana majonzi, ampeleke mtu hospitali watampa dripu—"

"Itoe hiyo sauti. Saa kumi isisikike."

"Saa kumi kuna wageni wa mkoa! Watu elfu tano! Wazee arobaini wenye majoho wanapanda kilima kwa sauti ile ile, nitawapandisha kwa nini, kwa mluzi?" Akavaa kofia yake. "Baada ya sikukuu tutaongea kifamilia. Sasa nenda kapumzike, na hicho kilemba kimekaa upande."

Kilemba kimekaa upande! Wuguo alitoka hemani bila kujibu, maana angejibu kwa kucha. Alikwenda kwanza kwa mama, akampa uji, mama akafumba mdomo. Akamsugua miguu, baridi kama mawe ya mtoni, na ni mwezi wa sita, jua linachoma. Mama alimtazama kwa upole, kama anayemtazama mtoto wa watu, akamwuliza, "Wewe binti wa nani vile?"

Hapo ndipo hasira za Wuguo zilipoacha kelele. Zilikaa tumboni, zikatulia, zikajua la kufanya. Akamgeukia Shizuo, akamwomba yai bichi na uzi mweupe.

Saa kumi uwanja ulifurika. Wenye tiketi kwenye viti, wageni wa mkoa mbele chini ya miavuli, na nje ya uzio, kilima kizima, watu wa kwetu waliokosa nafasi, wanawake na watoto wao mgongoni, wanaume wamechuchumaa ndani ya majoho. Spika zikaanza. Sauti ya Gezuo ikatanda. Wazee arobaini wakaanza kupanda, taratibu, na kule getini Shizuo na wanawake wengine wawili walikuwa wamemlalia mama juu, kwa kuwa ameanza tena.

Mto wa kwanza. Mto wa pili. Sauti ikakatika pale pale pa kila siku. Kabla ngoma hazijaingia, Wuguo alikuwa ameshafika katikati ya jukwaa na amemnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, kijana wa watu kabaki mkono hewani.

Hakusoma. Kusoma ni kwa bimo. Yeye aliita kama mama yeyote anavyoiita mlangoni roho ya mtoto wake anayeugua, yai mkono huu na uzi mkono huu, akaanza na jina la mama yake.

"Jihu Anyu! Rudi! Mto si wako, rudi! Moto unawaka nyumbani, mkate uko kwenye majivu, rudi nyumbani!"

Watalii wakainua simu. Kisha kutoka kilimani, nje ya uzio, sauti ya mwanamke mmoja, halafu kumi, halafu kilima chote, kama watu wa ndani ya nyumba wanavyomjibu anayeita:

"Imerudi!"

Akaendelea. Akawaita wazee arobaini kwa majina. Akawaita wanawake wa harusi, wapiga ngoma, Tiha na mitambo yake, Shizuo na viazi vyake. Akamwita mshereheshaji, akawaita wageni wote wasiojulikana majina, waliokaa kwenye viti vya plastiki. Kila jina, kilima kikajibu. Alijiita na yeye mwenyewe, akajibiwa. Halafu akafunga uzi kwenye yai, roho zisipotee tena, akaweka kipaza sauti chini, akashuka.

Makofi! Elfu tano wakasimama. Mgeni mmoja wa mkoa alikuwa anajifuta macho. Na Lazha, lo, Lazha akaja mbio nyuma ya jukwaa mikono imefunguka, meno yote nje.

"Dada! Umeua! Mbona hukuniambia una kitu kama hiki? Hii tunaiweka kila siku, asubuhi na jioni! Yai tutatafuta kubwa zaidi, la bata mzinga, lionekane mpaka nyuma—"

"Bosi," Tiha alisema.

"Ngoja, Tiha. Na uzi uwe mwekundu—"

"Bosi. Wewe hukutajwa."

Lazha alicheka. Akamtazama Tiha, akamtazama Wuguo, bado anacheka. Kisha midomo ikaanza kwenda bila sauti. Alikuwa anapitia majina kichwani. Wazee, wanawake, wapiga ngoma. Kicheko kikafa.

"Umenisahau, dada. Watu wengi, si ajabu."

"Sikukusahau."

"Dada."

"Wewe si umesema ni maneno matupu? Hayana madhara? Basi kakae na madhara yako yasiyokuwepo. Umesikia njia mara ngapi? Siku ishirini, mara mbili kwa siku. Sasa hivi utakuwa mbali sana, mdogo wangu. Wasalimie huko."

Watu walikuwa wamejaa nyuma ya jukwaa, na hakuna aliyemtetea. Mmoja wa wale wazee alisogea hatua moja kando yake, kama anavyosogea mtu aliyeona nyoka. Ukubwa wote wa Lazha ulimtoka hapo hapo. Akavua kofia.

"Niite," alisema. "Dada, nakuomba. Nina watoto."

"Taja jina."

"Jina gani?"

"Ulilolikata! Umefungua njia bila msafiri. Nenda pale, uwaambie ni nani aliyekuwa anasafiri."

Watalii walikuwa wanatoka, viti vinakwaruza, wachuuzi wanapiga kelele. Lazha akapanda jukwaani. Akaokota kipaza sauti, na spika nane zikapumua pumzi zake kabla hajasema neno.

"Aliyekwenda ni Muga," alisema. "Muga mwana wa Erbu, Erbu mwana wa Dati. Baba yangu. Yeye... yeye peke yake. Njia ilikuwa yake. Na mimi nilimwibia."

Kisha akalia, kilio cha msibani, kile ambacho miaka mitatu iliyopita hakulia kwa sababu alikuwa anaangalia kama simu inarekodi. Akachomoa flashi kwenye mitambo ya Tiha, akaja akaiweka mkononi mwa Wuguo, na simu juu yake.

Wuguo alisimama na sauti ya baba yake kiganjani. Hakuna nyingine duniani. Hakutaka kabisa kumwita huyu mtu, na asikudanganye mtu kwamba machozi yalimlainisha. Alitamani kumwacha huko huko aliko, mto wa pili, ngoja baridi imfunze adabu. Lakini alikuwa ameshamfuta kamasi. Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akainua yai.

"Lazha mwana wa Muga," aliita, kavu, kama anaita deni. "Rudi. Rudi nyumbani."

Kilima hakikujibu.

Wale wanawake wote waliojibu hata kwa wageni wenye miavuli, walikaza midomo na kumtazama. Lazha akageuka upande huu, akageuka upande ule. Wuguo hakurudia. Aliita mara moja, basi. Zaidi ya hapo hangemwomba mtu.

Ndipo sauti ya kizee ikatoka getini, nyembamba, yenye kukwaruza, ya mtu ambaye hajala siku nne.

"Imerudi," alisema mama. "Imerudi, haya. Njoo ule, mpumbavu wewe, na umletee mwanangu Wuguo kigoda, amesimama tangu asubuhi."

Wuguo alikimbia. Mama alikuwa ameketi kibandani pekupeku, viatu vimewekwa kando, kimoja juu ya kingine. Alikuwa anamega mkate mchungu, na kipande cha kwanza alikitia mdomoni mwake mwenyewe.