Utepe Mwekundu kwenye Usukani

Helikopta yetu tunaiita Bibi Harusi, kwa sababu wakubwa waliichagua kwa mapambo. Walipoonyeshwa taa ya kumulika wezi na vipaza sauti, basi, wakapagawa. Sisi mafundi tuliomba mbili ndogo, moja ya polisi na moja ya wagonjwa, ili moja ikilala nyingine iruke. Tukaambiwa tunapenda makuu.

Asubuhi ile nilifungua gia ya mkia nikakuta chembe za chuma zimenasa kwenye sumaku ya mafuta. Maana yake gia ilikuwa inajila yenyewe. Nikafunga utepe mwekundu kwenye usukani, ishara kwamba hairuki. Karakana yetu ina sheria moja: utepe huo anaufungua aliyeufunga tu, hata waziri aje analia.

Ndipo simu ikaingia. Mdogo wangu alikuwa amekwama na uchungu wa kuzaa kwenye zahanati ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limesombwa na maji. Mumewe, yaani shemeji yangu, ndiye aliyekuwa rubani wa zamu.

"Shem, fungua huo utepe," aliniambia.

"Mkia ukigoma hewani utakufa wewe, yeye na mtoto."

"Ni mwendo mfupi tu, shem."

"Na kuanguka ni kufupi zaidi."

Nilijichukia kwa jibu hilo. Lakini ulimi wangu ndivyo ulivyo, nikiogopa unakuwa wembe.

Njia ilibaki moja: kusafisha sumaku, kubadilisha mafuta, kuwasha injini tukiwa chini, kisha kukagua tena. Ikitoka safi, shemeji anaruka. Nilibadilisha mafuta, kisha nikamwita shemeji awashe. Tukakaa ndani, mikanda imetubana, panga zikizunguka juu ya vichwa vyetu, na hatuendi popote.

Muuguzi wa zahanati akapiga simu, akamwekea mdogo wangu sikioni. Tulimsikia kwenye vipokea sauti.

"Nasikia mngurumo! Mnakuja!"

"Tunakuja, mke wangu," shemeji akasema. "Tunakuja."

Nilitamani kumziba mdomo.

Tulipozima, nikaichomoa ile sumaku. Chembe zilikuwa nyingi kuliko mwanzo, nyingine ndefu kama kucha za mtoto. Nikamwonyesha shemeji kiganjani. Hakubisha, na afadhali angebisha. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatumwa kuzungukia daraja la mbali, na lisingefika kabla ya giza.

Simu ikaita tena tukiwa tumerudi kwenye viti.

"Mbona kimya?" mdogo wangu akauliza. Sauti ilikuwa imemwisha. "Mmegeuza?"

Shemeji aliweka kidole kwenye swichi ya kuwashia injini. Alinitazama, machozi yakimtiririka bila aibu. Utepe ulikuwa unaning'inia katikati yetu. Nikalikaza fundo upya, nikalivuta mpaka vidole vikaniuma.

"Washa," nikamwambia. "Mwache asikie."