Wawili Kwenye Kituo Kimoja

Fundi cherehani alikuwa na mabinti wawili kwenye timu ya besiboli ya watoto. Mkubwa, miaka kumi na miwili, alikuwa mpole na mzito wa miguu. Mdogo, miaka kumi, nyumbani walimwita Cheche. Jezi za timu nzima mama alizishona mwenyewe, lakini sheria za mchezo zilikuwa zikimpita kando.

Jumamosi hiyo walikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu yao ya mwisho, na wakitolewa wachezaji wao wawili tu, mchezo ungeisha. Mkubwa alikuwa kituo cha pili. Cheche akaupiga mpira ukaenda mbali, akatimua mbio, akapita kituo cha kwanza kichwa chini bila kuangalia mbele. Mkubwa naye alishaanza kwenda cha tatu, ila alipoona mpira unarudishwa akaingiwa na woga, akageuka. Wakakutana wote wawili kituo cha pili, wakitazamana.

Mlinzi akaudaka mpira na kumgusa Cheche nao. Cheche akawa ametolewa, maana kituo ni cha aliyetangulia. Mkubwa alikuwa salama, mradi asinyanyue mguu.

"Mpishe mdogo wako!"

Sauti ilimtoka mama kabla hajafikiri, ileile ya nyumbani, mlangoni pa bafu na mezani. Mkubwa akashuka kituoni. Mlinzi akamgusa na yeye. Mchezo ukaisha.

Mama akamfuata mwamuzi, ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba.

"Mwanangu kashuka kwa sababu yangu. Mrudishe, tafadhali."

"Nimekusikia, mama. Hata walioko barabarani wamekusikia. Lakini aliyenyanyua mguu ni yeye."

Akamweleza sheria yote, taratibu, akichora ardhini kwa ncha ya kiatu. Mama alirudi kwenye benchi amenywea. Mkubwa alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Pale palikuwa pangu, mama."

"Sasa mbona ulishuka?"

"Si ulisema nimpishe?"

Cheche akadakia, "Hata mimi nilijua ni pake. Nilidhani atanifukuza."

Wiki ile, mara mbili mama alifungua kinywa kumwambia mkubwa ampishe mdogo wake, akakifunga.

Jumamosi iliyofuata alikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Mkubwa alikuwa kituo cha kwanza Cheche alipoupiga mpira kidogo tu. Safari hii mkubwa hakusita, alikimbia moja kwa moja, na bado mpira ukamtangulia kituo cha pili kwa hatua nzima, akatolewa. Akarudi amejaa vumbi, anahema. Mama akampa chupa ya maji. Akayanywa yote.

"Na mimi?" Cheche akauliza.

"Bomba lile pale," dada yake akamwambia, akajifuta mdomo.